Kumpima Mpimaji: Ukali na Ulegevu katika Kuthibitisha Hadithi



Katika parokia zetu nyingi tunaishi na kufanya kazi pamoja na ndugu zetu Waislamu. Kisima ni kimoja, zahanati ni moja, na katika kamati ya maji wamo watu wa kanisani na wa msikitini. Hata hivyo tunafahamiana kidogo. Mara kwa mara mtu huleta karatasi au ujumbe wa simu wenye maneno makali, na juu yake pameandikwa kwamba Mtume amesema. Baadhi yetu huyapokea maneno hayo yote na kuwashutumu nayo majirani. Wengine husema hadithi zote ni za kutungwa. Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe hawafanyi hili wala lile. Sisi si wataalamu wa elimu hiyo, lakini tumeona vema kujifunza kidogo kwao, kwa heshima, maana tunalo la kuchukua.

Hadithi ni nini?

Katika mazungumzo ya kawaida hadithi ni kisa cha kusimuliwa. Kwa Waislamu, Hadithi ni taarifa ya jambo alilolisema, alilolitenda au alilolikubali Mtume Muhammad. Ina sehemu mbili: matini, yaani maneno yenyewe, na isnadi, yaani mlolongo wa watu walioipokea mmoja kutoka kwa mwingine.

Ili hadithi iitwe sahihi, mlolongo huo usiwe umekatika mahali. Kila mpokezi awe mwadilifu na mwenye kuhifadhi vizuri alichosikia. Tena hadithi isipingane na mapokezi yenye nguvu zaidi, wala isiwe na kasoro iliyojificha. Chini ya sahihi kuna hasani, yaani nzuri, kisha dhaifu, na mwisho kabisa ile ya kuzuliwa.

Basi kazi kubwa ni kuwachunguza watu. Lakini mchunguzi naye ni mtu. Yuko mwenye kukataa upesi, na yuko mwenye kukubali upesi. Ndiyo maana wanazuoni walilazimika kuwapima hata wapimaji.

Makundi matatu

Al-Dhahabi, mwanazuoni wa Dameski aliyefariki mwaka 1348, aliwagawa wachunguzi katika makundi matatu. La kwanza ni la wakali, ambao humtia mpokezi dosari kwa makosa mawili matatu. Humo aliwataja Yahya ibn Ma'in na Abu Hatim al-Razi. La pili ni la walegevu, na humo alimtaja al-Tirmidhi na al-Hakim wa Nishapur. La tatu ni la wenye wastani, kama Ahmad ibn Hanbal na al-Bukhari.

Hakuwagawa ili awavunjie heshima. Wote ni maimamu wakubwa, na vitabu vyao vinasomwa hadi leo. Alitaka msomaji ajue namna ya kulitumia neno la kila mmoja. Mkali akimsifu mtu, sifa hiyo ishike kwa nguvu, kwa kuwa haitoi ovyo. Lakini mkali akimlaumu mtu, tazama kwanza kama wengine wamekubaliana naye. Ikiwa hakuna mtaalamu yeyote aliyemsifu mtu huyo, basi ni dhaifu. Ikiwa yuko aliyemsifu, lawama haipokelewi mpaka itajwe sababu yake. Haitoshi kusema tu kwamba fulani ni dhaifu.

Wala mtu mmoja hana budi kuwa wa namna moja siku zote. Ibn Hibban, aliyefariki mwaka 965, alikuwa mwepesi wa kuwahesabu waaminifu watu wasiojulikana sana, mradi hakusikia baya juu yao na waliowazunguka katika mlolongo ni waaminifu. Hata hivyo, alipomlaumu mtu aliweza kuwa mkali kupita kiasi.

"Mbona hukumwuliza?"

Kisa kimoja kinafafanua jambo hili. Shu'ba wa Basra, aliyefariki mwaka 776, alikuwa mmoja wa wachunguzi wa kwanza na alijulikana kwa ukali. Siku moja alifika nyumbani kwa mpokezi aitwaye al-Minhal ibn Amr, akasikia sauti ya tanburi, ambayo ni ala ya nyuzi. Akageuka akaenda zake, asimwulize lolote. Alipomsimulia Wahb ibn Jarir, huyu alimjibu kwa swali: mbona hukumwuliza? Huenda mwenyewe hakuwa na habari.

Wanazuoni waliokuja baadaye hawakuiona sauti ile kuwa sababu ya kutosha. Al-Bukhari, pamoja na umakini wake wote, alimpokea al-Minhal katika kitabu chake cha Sahihi.

Madhara ya pande zote mbili

Al-Hakim, aliyefariki mwaka 1014, alikusanya kitabu kiitwacho al-Mustadrak, akitaka kuongeza hadithi sahihi ambazo al-Bukhari na Muslim hawakuziandika. Al-Dhahabi alikipitia. Kwa makadirio yake, karibu nusu ya kitabu inafikia masharti ya maimamu hao wawili au mmoja wao, lakini karibu robo ni dhaifu, na humo zimo hata za kuzuliwa. Ibn Hajar wa Misri, aliyefariki mwaka 1449, alimtafutia udhuru: al-Hakim aliandika kwanza ili apate kusahihisha baadaye, mauti yakamwahi kabla hajamaliza.

Upande wa pili yuko Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201. Alikusanya hadithi za kuzuliwa ili kuwalinda watu. Kazi hiyo ilikuwa njema, na nyingi alizozitaja ni za kuzuliwa kweli. Lakini alihukumu upesi, hata akaingiza hadithi moja iliyomo katika Sahihi ya Muslim.

Ibn Hajar aliviweka vitabu hivi viwili pamoja. Alieleza kwamba kimoja humfanya mtu adhani kisicho sahihi ni sahihi, na kingine humfanya adhani kisichozuliwa kimezuliwa. Tena wote wawili aliwahesabia kosa moja: ulegevu. Hapa tulisimama na kutafakari. Tumezoea kumwona anayekataa kuwa ndiye mwangalifu. Kumbe kukataa bila kuchunguza nako ni ulegevu, sawa na kukubali bila kuchunguza.

Tunajifunza nini?

Tunakiri kosa letu wenyewe. Katika mradi mmoja wa kukopeshana mbuzi wa maziwa, jina la mama mjane liliondolewa kwenye orodha kwa sababu mzee mmoja alisema, "Huyo hafai." Alikuwa mtu wa kuheshimiwa, nasi tukaandika. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Baadaye tuligundua kwamba palikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba kati ya familia hizo mbili. Mbuzi walikwisha kugawiwa, na mama yule alisubiri hadi zamu iliyofuata. Tulijiona tumelinda mali ya wafadhili, kumbe tulikuwa wavivu wa kuuliza.

Maandiko yetu nayo yanatufundisha hivyo. Tusome Kumbukumbu la Torati 19:15 juu ya mashahidi wawili au watatu, na Mithali 18:17 juu ya kusikiliza upande wa pili.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zote zifuate mambo matatu. Kwanza, jina lisiondolewe bila sababu kuandikwa katika kumbukumbu za kikao. Pili, anayelaumiwa aulizwe. Tatu, tuwajue wanaotupa taarifa: nani husifu kila mtu, na nani hasifu mtu yeyote.

Na mtu akituletea maneno yanayodaiwa kuwa hadithi, tusiyasambaze wala tusiyakejeli. Tumwendee sheikh wa jirani tumwulize daraja yake. Tutakuwa tumeuliza, na huenda tukapata rafiki.

Maswali ya kujadili

1. Katika kamati yetu, nani ni mkali na nani ni mlegevu? Je, mimi mwenyewe niko upande gani?
2. Je, tumewahi kumkataa mtu bila kumwuliza? Tunaweza kurekebisha vipi?
3. Ni sheikh au mwalimu gani wa madrasa tunayeweza kumwalika atufundishe zaidi?

Mungu atujalie uangalifu pamoja na huruma.