Kunasa Muziki wa Papo kwa Papo

Mpigaji wa piano, kinanda au gitaa anapobuni muziki wakati uleule anapoupiga, huunda kitu kisichopata kuandikwa, ambacho hata yeye mwenyewe hawezi kukirudia sawasawa. Kidole kikiondoka, mtetemo hufa na hewa hutulia. Muziki wa namna hiyo ndio uitwao muziki wa papo kwa papo. Ili mtu mwingine apate kuusikia kesho, hauna budi kunaswa wakati unapozaliwa. Makala hii yaeleza jinsi unavyonaswa, ni kiasi gani hupotea njiani, na namna mwanafunzi mwenye kinanda na simu ya mkononi anavyoweza kuihifadhi kazi yake na kuwagawia wengine.

Mfano wa Morogoro

Mji wa Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru, watoa mfano mzuri. Bendi ya Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1940. Katikati ya miaka ya 1960 Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz, akajulikana kwa upigaji wake wa gitaa la solo, kisha mwaka 1973 akaondoka na kuanzisha Super Volcano.

Katika dansi, wimbo haukuwa na urefu maalumu. Maneno yalipokwisha, mpiga solo aliweza kuendelea kubuni kadiri wachezaji walivyohitaji. Sahani ya santuri haikuruhusu uhuru huo. Sahani ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika 3 kila upande. Sahani ndogo ya mizunguko 45 nayo ilibeba dakika chache tu, na ndiyo sababu nyimbo nyingi za Afrika Mashariki za miaka ya 1970 zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Mara nyingi ilikuwa katika sehemu hiyo ya pili ambamo magitaa yalipata nafasi ya kutamba.

Salum Abdallah alifariki mwaka 1965 na Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, wote wawili kwa ajali za magari. Yale waliyoyabuni usiku katika kumbi bila kunaswa hayapatikani tena. Yaliyosalia ni yale yaliyoingia katika sahani, na katika kanda za sumaku zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo.

Kanda ya sumaku

Sauti ni mkandamizo na mtawanyiko wa hewa unaofuatana kwa haraka. Mikrofoni hugeuza mabadiliko hayo kuwa mkondo wa umeme unaopanda na kushuka vilevile. Mkondo huo hupita katika koili ya kichwa cha kurekodia, na mbele ya kichwa hupita utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za oksidi ya chuma. Chembe hizo huwa sumaku kwa kadiri ya nguvu ya mkondo, na hubaki hivyo baada ya utepe kupita. Wakati wa kusikiliza, kazi hiyo hugeuzwa: sumaku za utepe huamsha umeme katika koili, na umeme hutikisa kipaza sauti.

Mwendo wa utepe una maana kubwa. Ukienda sentimita 19 kwa sekunde, sauti yenye mitetemo 10,000 kwa sekunde huchukua, kwa kila mtetemo, nafasi ya milimita 0.019 juu ya utepe. Katika kaseti, ambayo huenda sentimita 4.76 kwa sekunde, nafasi hiyo hupungua hadi milimita 0.0048 hivi. Alama zikisongamana kupita kiasi, kichwa hakiwezi tena kuzitenganisha, na sauti nyembamba hufifia. Kwa upande mwingine, dakika 10 za muziki kwa mwendo wa kwanza hula mita 114 za utepe, hali kwa mwendo wa kaseti hula mita 29 tu. Tangu hapo, basi, aliyerekodi alilazimika kuchagua kati ya ubora na wingi.

Kanda huzeeka. Unyevu wa hewa huweza kuharibu gundi inayoshika chembe za oksidi. Joto hukunja plastiki. Na kila nakala inayotolewa kutoka katika nakala nyingine huongeza mvumo. Kwa hiyo kanda za zamani hazina budi kuhamishiwa katika hali nyingine kabla hazijaharibika.

Sauti iwapo tarakimu

Kompyuta na simu hunasa sauti kwa njia tofauti. Ukubwa wa umeme wa mikrofoni hupimwa mara nyingi kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Kanuni yasema kwamba idadi ya vipimo kwa sekunde sharti izidi mara mbili ya mitetemo ya sauti nyembamba kabisa inayotakiwa. Sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo vipimo 44,100 hutosha. Kila kipimo kikiandikwa kwa biti 16, yaani baiti 2, na sauti ikinaswa kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia, hesabu huwa hivi:

44,100 × 2 × 2 = baiti 176,400 kwa sekunde.

Dakika 10 za piano zitahitaji baiti 105,840,000. Muziki huohuo ukibanwa hadi biti 128,000 kwa sekunde, utahitaji baiti 9,600,000 tu, yaani sehemu moja ya kumi na moja hivi. Akiba hiyo hupatikana kwa kuacha yale ambayo sikio huyasikia kwa shida, na yakishaachwa hayarudi. Yafaa nakala kamili ihifadhiwe, na iliyobanwa itumike kuwapelekea wengine.

Ipo njia ya tatu. Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana lugha moja iitwayo MIDI. Lugha hii hainasi sauti. Huandika tu ni kitufe gani kilichobonyezwa, lini, na kwa nguvu gani. Kubonyeza na kuachia kitufe huhitaji baiti 6 hivi, mbali na alama za wakati. Noti 3,000 zitahitaji baiti 18,000. Rekodi ya namna hii humwezesha mwalimu kuonyesha kila noti iliyopigwa. Hata hivyo, haina sauti ya mwimbaji, wala ya gitaa la kawaida, wala makofi ya waliohudhuria.

Kurekodi shuleni

Mahali pa mikrofoni huathiri ubora kuliko bei yake. Katika uwanda wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hupungua hadi robo. Chumbani, mwangwi wa kuta haupungui kwa kasi hiyo, kwa hiyo mikrofoni iliyo mbali hunasa chumba zaidi ya kinanda. Mvua ya Uluguru juu ya paa la bati hufunika muziki wote. Afadhali kusubiri ikatike. Aidha, sauti ikizidi kipimo kikubwa kabisa cha mashine, kilele cha wimbi hukatwa na muziki hukwaruza. Mpigaji aanze kwa kujaribu sehemu yenye kishindo zaidi.

Mara baada ya kumaliza, jina la mpigaji, tarehe, mahali na ala vitamkwe mwishoni mwa rekodi na viandikwe katika jina lake. Rekodi isiyo na maelezo haya huwa, baada ya miaka michache, sauti isiyo na mwenyewe. Ziwekwe nakala 3, na mojawapo ikae mahali pengine, kwa kuwa simu ikipotea hupotea na vyote vilivyomo.

Kabla ya kuigawa rekodi, wote waliopiga waulizwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, hulinda haki za mtunzi na za mpigaji pia, na katika muziki wa papo kwa papo mara nyingi hao ni mtu mmoja.

Mazoezi

1. Rekodi noti moja ya kinanda kwa umbali wa nusu mita, mita 1, kisha mita 4. Eleza tofauti ya mwangwi.

2. Piga dakika 2 bila kuandaa, urekodi, kisha ujaribu kurudia bila kusikiliza. Linganisha rekodi mbili hizo na uandike yale yaliyobadilika.

3. Noti ya juu kabisa ya piano ina mitetemo 4,186 hivi kwa sekunde. Je, vipimo 9,000 kwa sekunde vyatosha kunasa noti hiyo kwa ukamilifu? Kumbuka kwamba kila noti hufuatana na mitetemo mingine iliyo juu yake.