Folda ya Pamoja Si Akiba

Kwa wauguzi wanaosimamia vituo, wasimamizi wa data, na kila mwenye neno la siri la kuingia katika mafaili ya zoni za afya za Masisi na Walikale

Kijitabu hiki kimetokana na malalamiko. Yamekuwa mengi, na karibu yote yanaishia kwenye swali moja: "Si mlituambia mafaili yetu yako salama?" Hapana. Tuliwaambia yako mahali pengi. Anayedhani hayo mawili ni jambo moja, ndiye tunayemwandikia.

Kompyuta za Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi, pamoja na zile za Walikale, Kibua, Pinga na Itebero, zinafungua folda moja. Ulichoandika Pinga asubuhi, rezo ikikubali, mwenzako wa Kirotshe anakiona jioni. Seva nazo zinaweka kila faili kwenye diski zaidi ya moja, hivyo diski moja ikifa kazi haisimami. Kuifanya kazi hii katika nchi ya sola, matope na bariere haikuwa mchezo, na hatuoni haya kujisifu kidogo.

Ila mfumo huu unatii kila amri, ikiwemo ya kijinga. Laptop ya kituo imejaa. Mtu anapitisha macho, anaona folda ya chanjo za mwaka 2022, anajiambia, "Hii ya zamani, nakala iko Goma," anabonyeza kufuta. Jioni rezo inarudi. Laptop inaiarifu seva kwamba mafaili hayo hayatakiwi tena. Seva inayaondoa kwenye folda, diski ya pili inafuata, na kompyuta ya Mweso iliyokuwa imezimwa inayaondoa kesho yake asubuhi, dakika chache baada ya kuwashwa. Hakuna mwizi, hakuna moto. Virusi vinavyofunga mafaili ili mwenyewe adaiwe pesa hupita njia hiyohiyo, na hupita kwa haraka zaidi.

Tunarudia: nakala inayofuata kila unachofanya si akiba. Akiba ni nakala ambayo mkono wako hauifikii ukikosea.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya watu wasio na vifaa. Tarehe 26 Septemba 2025 moto wa betri uliwaka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mjini Daejeon. Hifadhi ambamo watumishi wa serikali waliweka nyaraka zao za kazi iliteketea, terabaiti 858, na hapakuwa na nakala nje ya jengo. Sababu iliyotolewa ni kwamba hifadhi ilikuwa kubwa mno. Japani, Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto, programu ya kutengeneza akiba yenyewe ilirekebishwa vibaya ikafuta mafaili milioni 34 hivi ya watafiti, kama terabaiti 77. Vikundi 14 viliguswa. Vinne havikuweza kurudishiwa chochote. Nchi hizo zina umeme saa 24.

Hiyo sababu ya "kubwa mno" tunaisikia hata hapa kwetu. Mara nyingi kinachochosha mashine si uzito, ni wingi. Picha za kurasa za rejista ni ndogondogo lakini hazihesabiki, na programu lazima iulize kila moja kama imebadilika tangu juzi. Ndiyo maana kila zoni imepewa usiku wake wa kuchukuliwa akiba, na usiku huo vinachukuliwa vilivyobadilika tu. Ukiiacha kompyuta imezimwa usiku wa zoni yako, umejitoa mwenyewe kwenye akiba ya wiki hiyo. Usije kulalamika.

Wengine wanajipa moyo kwamba ripoti zimeshaingia kwenye mfumo wa taarifa za afya, DHIS2. Zimeingia, ndiyo: jumla za mwezi. Watoto wangapi wamechanjwa, malaria wangapi, wazazi wangapi. Majina, picha za rejista, orodha za dawa, barua na hesabu za kituo haviko humo. Vikipotea kwenye folda, DHIS2 haitakurudishia hata ukurasa mmoja.

Sasa diski za nje. Kila ofisi kuu ya zoni ina mbili, zinazopokezana. Ijumaa unachomeka moja, unasubiri programu iseme imemaliza, unaitoa, unaandika tarehe juu yake kwa kalamu isiyofutika. UNAITOA. Diski inayolala imechomekwa inafutwa pamoja na vingine. Usianze kazi hiyo betri ya sola ikiwa imeshuka, kwa kuwa umeme ukikatika katikati diski yaweza kuharibika. Ya wiki iliyopita isafiri, itoke kwenye jengo, na ikiwezekana itoke kwenye mji. Goma ilionyesha mara mbili ndani ya miaka michache: Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa. Aliyekuwa na nakala Goma pekee hakuwa na nakala. Na Machi mwaka huohuo ikawa zamu ya Walikale-centre kuvamiwa, kwa hiyo hata nakala iliyo Walikale pekee haitoshi.

Kuhusu safari hiyo hatutanii. Ndani ya diski kuna wagonjwa wa UKIMWI na wanawake waliobakwa, kwa majina na vijiji. Njia ya Sake hadi Masisi ina bariere, na si kila anayesimama hapo ana haki ya kusoma. Diski ifungwe kwa neno la siri kabla haijatoka mlangoni, na neno hilo lisipande pikipiki moja na diski. Ukiliandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kasha, kama tulivyokwisha kuona, ni afadhali usingeifunga kabisa. Sheria ya kidijitali ya nchi, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za watu, na kutojua si utetezi.

Mwanzoni mwa kila mwezi, chukua diski, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua mafaili matatu ya miaka tofauti. Yakikataa kufunguka, huna akiba, una chuma. Wengi wanaruka hatua hii. Wakija kwetu wanashangaa.

Mbali na ofisi kuu za zoni, vituo vinavyostahili kupewa diski ni vile vilivyo kwenye orodha ya zoni na vyenye mtu aliyesaini fomu. Masharti mengine muulize msimamizi wa data.

Faili lililofutwa kwenye folda linakaa pembeni kwenye seva siku 30, kisha linaondolewa na halirudi. Ukigundua limepotea, usiguse kitu, usijaribu "kurekebisha", toa taarifa siku hiyohiyo: jina la folda, jina la faili, na tarehe ya mwisho lilipoonekana. Atakayekuja bila tarehe ataambiwa arudi akaitafute, na wakati anaitafuta siku zake zinaendelea kuhesabiwa.