Mguu wa Mgonjwa wa Kisukari Hausemi, Uangalie Wewe

Msomaji, ukiuguza mtu wa kisukari nyumbani, bila shaka umefundishwa habari za chakula, vidonge na sindano. Leo inama utazame miguu.

Mama mmoja wa Jomvu Kuu aliletwa kwangu na binti yake kwa sababu ya homa. Alipovua ndara, nilikuta kidonda kimechimba chini ya kidole gumba. Siku sita nyuma alikanyaga kaa la jikoni, wala hakujua. Nyayo zilikuwa na hina ya harusi ya mjukuu, na wekundu wa ngozi ukajificha humo. Mwezi mmoja kabla yake mimi mwenyewe nilimpima sukari, nikaridhika, wala sikumvua viatu. Kosa hilo ni langu. Kidole kilikatwa.

Je, mtu hukanyagaje moto asihisi? Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, na ile ya vidole vya miguu ndiyo hutangulia. Mgonjwa huhisi kuchomwachomwa, halafu ganzi, halafu hahisi kitu. Mishipa hiyo ndiyo pia inayotoa jasho. Ikiharibika, ngozi hukauka na kupasuka visiginoni, vijidudu vikapata mlango. Mishipa ya damu nayo husinyaa, kwa hiyo kidonda hakiponi upesi.

Basi kila jioni mkalishe mgonjwa penye taa. Mwoshe miguu kwa maji vuguvugu na sabuni, na maji hayo uyapime kwa kiwiko chako wewe, si kwa mguu wake. Usiiloweke. Ikaushe, hasa katikati ya vidole, kisha paka mafuta juu na chini lakini si kati ya vidole, maana unyevunyevu wa hapo hualika ukungu wa ngozi. Tazama nyayo, visigino, kila mwanya. Anayeishi peke yake aweke kioo sakafuni.

Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe. Sugu isikatwe kwa wembe. Asitembee miguu mitupu hata chumbani, na kiatu kipapaswe ndani kwa mkono kabla ya kuvaliwa. Akienda msikitini avae soksi safi. Sakafu ya uani baada ya adhuhuri huunguza. Hina sikatazi, bibi zetu wanaipenda, ila ipakwe mikononi na nyayo ziachwe.

Ukiona lengelenge, mchubuko, weusi, uvimbe au harufu, usitie majivu, dawa ya meno wala spiriti. Safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, funga kwa kitambaa safi, na siku hiyo hiyo mpeleke Port Reitz kule Changamwe au Coast General mjini, hata kama hapaumi. Mkifika, mvue viatu wewe mwenyewe kabla daktari hajaanza kuandika.