Habasoda si ruhusa ya kuacha sindano

BAADA ya Swala ya Ijumaa, nje ya misikiti mingi hapa Dar es Salaam utakuta meza zimepangwa mafuta ya habasoda, asali na unga wa mlonge. Mimi mwenyewe ni mteja. Kinachonitia hofu ni maneno yanayosindikiza chupa: "Ukianza hii, zile kemikali za hospitali achana nazo." Mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa sindano ya insulini akiyafuata maneno hayo, siku chache tu zinatosha kumfikisha kaburini.

Wasemaji hawa hutegemea hadithi sahihi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba habasoda ni ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Hadithi hatuna shaka nayo. Lakini wanazuoni waliifahamu vipi? Al-Khattabi, kama alivyonukuliwa na Ibn Hajar katika Fat'h al-Bari, alieleza kuwa tamko ni la jumla lakini makusudio ni mahsusi, kwa sababu hakuna mmea mmoja uliokusanya sifa za kutibu maradhi yote. Wapo waliolibakisha katika ujumla wake, nao ni wanazuoni pia. Hata hivyo, hadithi yenyewe haina neno linalomwamuru mgonjwa kuacha dawa nyingine.

Katika Sunan Abi Dawud kuna kisa cha Saad (r.a.) alipougua moyo (isnadi yake imezungumzwa). Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada, tabibu wa Thaqif, na papo hapo akataja tende saba za ajwa. Tabibu na tende katika mazungumzo mamoja!

Isitoshe, baadhi ya hizo "kemikali" asili yake ni majani. Dawa mseto ya malaria iliyoanza kutumika nchini mwaka 2006 inatokana na artemisinini, ambayo Tu Youyou na wenzake wa China waliipata katika mmea wa jamii ya pakanga mwaka 1972. Mwaka 2015 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel. Kilichoongezwa ni kipimo: kidonge kinajulikana kina miligramu ngapi, kijiko cha unga hakijulikani.

Na kuchanganya nako kuna hatari yake. Zipo tafiti zinazoonesha kuwa habasoda hushusha sukari. Anayemeza vidonge vya kisukari akiiongeza kimya kimya, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Akatetemeka, akatokwa jasho, hata akazimia. Kwa hiyo mwambie daktari unachotumia, na umpelekee hiyo chupa aione. Wengi huficha kwa kuogopa kukemewa. Kweli wapo wahudumu wanaokemea, nao wanakosea, kwani Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua tiba hiyo.

Ama muuzaji anayemwambia mgonjwa aache sindano, ipo hadithi nyingine kwa Abu Dawud ambayo haibandikwi kwenye chupa: anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya utabibu ni mdhamini wa madhara atakayosababisha. Abu Dawud ameiweka katika kitabu cha diya, yaani fidia ya damu.