Mashine ya Vifaranga Ikikudanganya Joto, Kagua Regyuleta

Leo tuache kidogo chanjo na chakula, tuongelee kidude cha miguu mitatu kinachoweza kukumalizia mtaji.

Kijana mmoja wa Kisesa, hapa jirani na Mwanza, alinipigia simu: "Shikamoo bwana shamba. Nimeweka mayai 180, siku ya 21 imepita, vifaranga 40 tu!" Nikaenda. Kioo cha mashine kinaonyesha nyuzi 37.5, safi kabisa. Nikaingiza kipimajoto changu cha kawaida: nyuzi 36. Kumbe mayai yalikuwa yanapigwa baridi muda wote.

Kosa liko wapi? Sensa yake, LM35, hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Nyuzi 37.5 ni milivolti 375 tu. Kidhibiti huzipima kwa kuzilinganisha na volti 5 zinazotoka kwenye regyuleta, 7805. Hizo 5 zikishuka kuwa 4.8, chenyewe hakijui. Ndani kuna 37.5, kinasoma 39, kinazima taa. Joto likifika 36 ndipo kioo kinasema 37.5.

Fuata hatua hizi. Taa zinatumia volti 230, kwa hiyo chomoa mashine kabla ya kushika waya. Ukipima umeme ukiwepo, gusa upande wa volti ndogo tu.

1. Pima volti zinazoingia. Maandishi yakikutazama, mguu wa kushoto ni kuingia, wa kati ni hasi, wa kulia ni kutoka. 7805 inataka angalau volti 7 hivi. Pima wakati feni na rilei zimewaka. Yake ilikuwa na adapta ya volti 9, lakini mzigo ukiwaka zinabaki 6.5. Hapo 5 kamili utaipata wapi?

2. Tafuta kapasita. Moja ya maikrofaradi 0.33 kwenye kuingia na ya 0.1 kwenye kutoka, karibu kabisa na miguu. Zikikosekana, regyuleta inaweza kutetemeka yenyewe kwa kasi ambayo mita ya kawaida haioni. Utaona tu namba za kioo zinarukaruka.

3. Gusa joto lake kwa uangalifu, umeme ukiwa umechomolewa. Ikipokea volti 12 na kutoa 5 kwa nusu ampia, wati 3.5 zinageuka joto. Bila bati la kupoozea hujizima, ikipoa inarudi.

4. Tenganisha mzigo. Feni na rilei zipate waya zao moja kwa moja kutoka kwenye adapta, hasi zote zikutane sehemu moja. Koili ya rilei ifungwe dayodi.

Ukiwa na shaka, lisha kidhibiti kwa betri ya volti 12. Namba zikitulia, ugonjwa uko kwenye adapta au waya, siyo kwenye sensa.

Sisi tulibadilisha adapta ikawa ya volti 12, tukaongeza kapasita mbili na bati. Kioo na kipimajoto vikakubaliana. Lakini mayai yale hayakurudi.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiamini kioo peke yake. Weka kipimajoto cha pili usawa wa mayai, na ulinganishe asubuhi na jioni, hasa umeme unapokuwa mdogo.