Doksisaiklini na Ugonjwa wa Kutikisa Kichwa: Tunajifunza Nini Kutoka Uganda?

Ugonjwa wa kutikisa kichwa ni aina adimu ya kifafa inayoanza utotoni. Mtoto huinamisha kichwa tena na tena, mara nyingi anapoona chakula. Baadaye huweza kuanguka kifafa, kudumaa na kushindwa masomo. Katika Mkoa wa Morogoro, Dkt. Louise Jilek-Aall aliushuhudia Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ugonjwa huu hupatikana penye usubi, yaani minyoo inayoenezwa na inzi weusi wanaozaliana katika mito iendayo kasi. Kilosa nayo imo katika maeneo ya usubi. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba kingamwili zinazopambana na mnyoo huyo huweza kushambulia leiomodini-1, protini iliyomo katika ubongo, kwa sababu inafanana na protini ya mnyoo. Hiyo ni nadharia, bado inajadiliwa.

Kwa kufuata nadharia hiyo, Profesa Richard Idro wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walijaribu doksisaiklini kaskazini mwa Uganda. Dawa hii huua bakteria wanaoishi ndani ya mnyoo. Akiwakosa, mnyoo hushindwa kuzaa. Wagonjwa 240 waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walimeza miligramu 100 kila siku kwa wiki 6, na nusu walimeza kidonge kisicho na dawa. Walifuatiliwa kwa miaka 2.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Kuhusu swali kuu, doksisaiklini haikubadilisha kingamwili hizo. Hata hivyo, waliomeza dawa walilazwa mara chache zaidi kwa sababu ya kifafa kikali. Nafuu hiyo inatia moyo, lakini halikuwa swali kuu la jaribio. Yafaa ithibitishwe kwa jaribio jingine kabla ya kuwa mwongozo wa tiba.

Kwa hiyo, mzazi asimnunulie mtoto doksisaiklini dukani, wala asiache dawa za kifafa alizoandikiwa. Dawa hizo hazitibu chanzo, ila hupunguza vipindi vya kifafa na kumkinga mtoto na majeraha ya moto na maji. Mhudumu wa afya amwonapo mtoto anayeinamisha kichwa, aulize kuhusu kifafa, ampime uzito na kumpa rufaa mapema. Nasi sote, ugawaji wa ivermektini ufikapo kijijini, tumeze dawa.