Mtoto akisema "dudu linaniuma"

Daktari wa watoto anajibu maswali ya wazazi na walezi.

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Sehemu yake ya siri kwetu tunaiita "dudu", basi. Kuna ubaya gani?

Jibu: Humo ndani hakuna, maana mnaelewana. Lakini mtoto akimwambia mwalimu wa chekechea "dudu linaniuma", mwalimu ataanza kumkagua kama ameumwa na siafu. Wengine hata hilo dudu hawalitaji, husema "tumbo". Hapo ndipo ninapoogopa. Korodani inaweza kujisokota na kukata njia yake ya damu. Huwapata zaidi wavulana wanaobalehe, ila hata wadogo haiwaachi. Ikifanyiwa upasuaji ndani ya saa 6 hivi, mara nyingi hupona. Ikichelewa sana, hufa na kuondolewa. Kijana anayeona haya kusema "korodani" hupewa dawa ya minyoo, akaambiwa alale.

Swali: Nikimfundisha "uume" na "uke", si atanitia aibu mbele ya wakwe?

Jibu: Huenda, siku mbili tatu, pengine hata kwenye daladala. Usicheke, usimzabe kofi. Mwambie hayo tunayazungumza nyumbani na hospitali. Ni maneno ya kliniki na ya vitabu vya sayansi, hakuna anayetukanwa kwayo. Matusi yana maneno yake, na hayo atayaokota mtaani bila msaada wako.

Swali: Mimi ni bibi wa wajukuu sita, Pangani. Zamani haya alifundisha somo, msichana akishavunja ungo. Mbona mna haraka?

Jibu: Shikamoo bibi. Somo abaki na kazi yake, sina ugomvi naye. Lakini yapo yasiyosubiri ungo. Katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009, karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Mtoto akifikishwa polisi, dawati la jinsia na watoto, ataulizwa ameshikwa wapi. Mahakama ya Rufani, ikijua malezi yetu, imewahi kupokea maneno kama "alinifanyia tabia mbaya". Ila kabla ya jaji kuna mama, mwalimu na nesi, nao wanatakiwa waelewe siku hiyohiyo. Mjukuu akikwambia jambo kama hilo, msikilize, usimwogeshe, mpeleke hospitali. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Swali: Nianzie wapi? Naona haya.

Jibu: Bafuni. "Inua mkono tuoshe kwapa. Sasa uume. Sasa makalio." Sauti ileile, ukinong'ona kwenye neno moja tu, atajua lina kasoro. Msichana afundishwe kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Mvulana ambaye hajatahiriwa usimvute govi kwa nguvu, litaachia lenyewe akikua. Na akina baba nao waogeshe.

Swali: Binti yangu anauliza mdogo wake yuko tumboni pamoja na ugali?

Jibu: Mwambie hapana, yuko kwenye mfuko wa uzazi, na atatoka kupitia ukeni au kwa upasuaji. Kisha nyamaza. Watoto wengi huridhika, wakarudi kucheza. Akitaka zaidi atauliza.